Muumba Wako Ni Mume Wako: Niliyojifunza Katika Ndoa Isiyo na Mtoto

Huku kwetu Lubumbashi, ndoa ikishatimiza mwaka watu huanza kukutazama tumbo kabla ya uso. Jirani, mama anayeuza samaki wa chumvi sokoni, hata mzee wa kanisa anayekusalimu baada ya misa: macho yanashuka kwanza, kisha yanapanda. Nimeishi na macho hayo tangu nikiwa bibi-arusi hadi leo kichwa kina mvi, kwa kuwa mume wangu na mimi hatukujaliwa mtoto. Daktari alitupa maelezo yake zamani. Maelezo hayo ni ya watu wawili na yatabaki kwetu.

Ninalotaka kuandika ni jambo jingine. Mume wangu na mimi tunasaidia kufundisha wachumba parokiani, na karibu kila kundi lina binti mmoja anayengoja wenzake watoke, anajifanya anafunga vizuri kitenge chake, halafu ananiuliza: "Mama, na kama sitazaa?" Hataki kujua habari za hospitali. Anauliza kama bado atahesabiwa kuwa mtu, kama kutabaki sababu ya yeye kuwapo duniani. Vijana wa kiume wana swali lile lile, ila wao huuliza jina lao litabaki na nani.

Jibu langu nimelipata katika Biblia. Manabii wanapotaka kusema mwanadamu ni nani mbele ya Mungu, mara nyingi wanasimulia posa na arusi. Na pale wanapoisimulia arusi hiyo kwa upole kuliko popote, bibi-arusi ni tasa.

Siku moja shangazi ya mume wangu alikuja na wamama wengine wawili wa ukoo. Nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya mhogo. Walikataa kuingia ndani, wakakaa mkekani karibu na kinu, na shangazi akatoa daftari dogo la shule lililofungwa kwa mpira. Humo iliandikwa orodha ya mali, kama tunavyoita mahari huku. Akaanza kuisoma polepole, kitu kimoja kimoja: suti ya baba na viatu vyake, vitenge vya mama, blanketi, sufuria kubwa, panga, mfuko wa chumvi, mbuzi, pesa. Kila alipotaja kitu alinyamaza kidogo ili nikiri kwamba kilifika kwetu. Nikakiri chote. Ndipo akafunga daftari na kusema: "Tulitoaka mali. Batoto beko wapi?"

Simchukii hata leo. Alilelewa akijua kwamba mwanamke huingia katika ukoo kwa mali na hulipa kwa watoto, na yeye mwenyewe alilipa hivyo, tena baada ya kuzika baadhi ya aliowazaa. Mume wangu alitoka ndani, akakaa nao mkekani, akasema kwa heshima: "Shangazi, mali ile tulimtolea bibi. Batoto hatukuwanunua." Shangazi hakujibu. Wakala bukari, yaani ugali, na sombe, wakaondoka, na habari ya bibi wa pili, yaani mke wa pili, ikaanza kuzungumzwa katika vikao ambavyo mimi sikuitwa.

Sina ugomvi na mali yenyewe. Sheria ya familia ya Congo ya mwaka 1987 inaidai, na koo mbili zinapokaa kuijadili huwa zinafahamiana kweli. Hata Maandiko yanaijua desturi hiyo. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, akadanganywa, akatumika miaka saba mingine. Na huyo Raheli aliyegharimu jasho lote hilo alikaa muda mrefu bila kuzaa. Ubaya unaingia pale mali inapogeuzwa deni, na tumbo la mwanamke likadaiwa kulilipa.

Aliyenipa pa kushika ni mama msimamizi wa ndoa yetu. Yeye na mzee wake walizeekea hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, lakini walitokea Kolwezi na walikuwa watu wa Jamaa, kikundi cha Kikatoliki cha watu wa ndoa. Vijana wengi hawaijui tena Jamaa. Ilizaliwa kule Kolwezi miaka ya 1950 kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, pamoja na Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Tempels alifika Congo mwaka 1933, na alihubiri miaka mingi kabla ya kuanza kuwauliza watu wenyewe: wewe ni nani, unatafuta nini, kitu gani kinakutesa? Majibu yao aliyakusanya katika maneno matatu ambayo wana Jamaa waliyarudia mpaka uzee wao: uzima, uzazi, mapendo. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa kiu yote ya mwanadamu, na Kristo ndiye aliyekuja kuituliza. Mafundisho yalikuwa ya Kiswahili, mume na mke pamoja. Najua kwamba baadaye makundi mengine yalipotoka na maaskofu wakalazimika kuyakemea. Lakini mbegu iliyonifikia mimi ilikuwa safi.

Mama msimamizi alikuwa na watoto wengi na wajukuu wa kujaza ua. Kama angekuwa tasa mwenzangu, labda ningedhani ananifariji tu. Siku hiyo alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, mkono unatupa vijiwe bila macho kuangalia, akaniambia: "Mwanangu, mimi nilizaa kabla ya kujua uzazi. Nyumba ilijaa batoto, na bwana yangu tulikuwa hatujuani. Tulipoanza mafundisho ndipo tukazaliana, yeye na mimi. Kisha tukazaa na wengine." Hao wengine ni watu waliowaongoza katika imani. Katika Jamaa, mume na mke walioingiza wenzao waliwabeba kama wazazi kabisa: kuwatembelea wakiugua, kuwapatanisha wakigombana, kulia nao msibani. Alipokuwa akiniambia hayo nilikuwa nimekaa mbele yake, mmoja wa hao aliowazaa, na sikuwa nimepita tumboni mwake.

Ndiye aliyenifungulia Isaya 54. Sura inaanza hivi: "Imba, wewe uliye tasa, wewe usiyezaa." Nilitaka kufunga kitabu. Akaniambia niendelee mpaka aya ya tano.

Nabii anasema na watu waliohamishwa. Wababeli waliubomoa Yerusalemu mwaka 587 kabla ya Kristo, wakawachukua wakazi wake utumwani, na mji ukabaki magofu. Isaya anauita mji huo mwanamke: hana watoto, ameachwa, anaona aibu. Ukifuata mpangilio wa maneno yake utaona jambo la ajabu. Kwanza anaambiwa aimbe, na bado ni tasa. Pili anaambiwa apanue mahali pa hema yake, na hemani hakuna mtu. Tatu anaambiwa asiogope, hataaibishwa. Kisha inakuja sababu: "Kwa sababu Muumba wako ni mume wako, Bwana wa majeshi ndilo jina lake." Watoto wapo katika sura hiyo: wanaahidiwa tangu aya ya kwanza, na aya ya 13 inawataja tena. Wanakuja kama zawadi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akizaa ndipo atapendwa. Mtume Paulo aliipenda mno aya ile ya kwanza hata akaiweka katika Wagalatia 4, akiwaeleza Wakristo wasio Wayahudi kwamba wao nao ni watoto wa yule aliyekuwa hazai.

Nilisoma sura hiyo jikoni, chumbani, ndani ya basi la kwenda mjini. Kilichonishika ni kwamba Muumba na mume wamewekwa katika sentensi moja. Aliyeniumba hakuniumba kisha akasubiri kuona nitaleta nini. Aliniumba akiwa ananiposa.

Hosea anakwenda mbali zaidi, na kwa watu wa mali kama sisi maneno yake yanaeleweka bila mfasiri. Katika sura ya pili Mungu anaposa: "Nami nitakuposa uwe wangu kwa milele, naam, nitakuposa kwa haki, na kwa hukumu, na kwa fadhili, na kwa rehema." Aya inayofuata inaongeza uaminifu. Tunapofika hapo na wachumba, mume wangu huwaomba waseme hiyo ni orodha ya nini, na daima kuna mtu anayeitikia haraka: "Ni mali!" Ndiyo, ni mali. Mposaji ndiye anayeileta, yote inatoka mfukoni mwake, na bibi-arusi wa Hosea hakuwa binti wa kusifiwa. Alikuwa amekwisha kukimbilia kwa wengine. Basi anatakiwa kurudisha nini? Jibu liko pale pale mwisho wa aya ya 20: "nawe utamjua Bwana." Hakuna kingine.

Sisi tuliokariri katekisimu utotoni tuliulizwa Mungu alituumba kwa nini, tukajibu kwa sauti moja: ili tumjue, tumpende, tumtumikie, tufike kwake mbinguni. Nilijibu hivyo mara nyingi bila kuona kwamba katika orodha hiyo hapana kitu ambacho mimi nimenyimwa. Nilikiona siku nilipoweka jibu la katekisimu kando ya Hosea.

Wanaume hawakubali upesi. Fundi mmoja wa umeme, mtu mzima aliyetaka kufunga ndoa ya kanisani baada ya kuishi na bibi yake kwa miaka, alisimama darasani na Biblia mkononi. Alisema Mungu ameamuru wazi katika Mwanzo 1:28, "Zaeni, mkaongezeke," na asiyezaa hajatimiza kazi ya mwanadamu. Mume wangu akamwomba asome kuanzia aya ya 20. Akasoma kwa sauti nzuri, nyangumi, samaki, ndege wa angani, akafika aya ya 22 ambapo Mungu anawabariki viumbe hao akisema, "Zaeni, mkaongezeke, mkayajaze maji ya baharini." Akanyamaza. Akairudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo samaki nao?"

"Samaki nao," mume wangu akamwambia.

Kuzaa ni baraka kubwa, nami nimeililia kuliko wengi. Lakini ni baraka tunayoshiriki na samaki. Tulichopewa sisi peke yetu kiko katika aya ya 27: kuumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke. Na sura ya pili, ile ya ubavu na ya "mfupa katika mifupa yangu", haitaji mtoto hata mara moja. Inasema si vema mtu awe peke yake. Inasema wawili watakuwa mwili mmoja. Ndoa ile ya kwanza ilikuwa nzima kabla ya Kaini kuzaliwa.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wanaume zaidi ya hilo la samaki. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba amewaposea mume mmoja, Kristo. Waefeso 5 inasema siri ya mume na mke ni kubwa, naye ananena habari ya Kristo na Kanisa. Ufunuo 21 unauonyesha mji mtakatifu ukishuka kama bibi-arusi aliyekwisha kupambwa kwa mumewe. Katika picha zote hizo, wanaume wako wapi? Wako upande wa bibi-arusi pamoja nasi. Mzee mmoja aliyemaliza kazi yake migodini aliuliza, akiwa ameudhika kweli: "Mimi, bibi-arusi?" Mume wangu akamuuliza anasimama namna gani Jumapili anapokwenda kupokea komunyo. Mzee akaonyesha mikono yake miwili, wa kushoto juu ya wa kulia, wazi. Mikono mipana, vidole vimekakamaa kwa kazi. "Hivyo hivyo," mume wangu akasema. "Unapokea."

Si jambo jipya. Bernard wa Clairvaux, abate wa karne ya 12, aliwahubiria wamonaki wake, wanaume watupu, hotuba 86 juu ya Wimbo Ulio Bora, akiiweka roho ya kila mmoja mahali pa yule mwanamke anayependwa. Alifariki mwaka 1153 akiwa amefika mwanzoni tu mwa sura ya tatu. Nikifikiri kwamba mtu anaweza kutumia miaka kumi na minane juu ya sura mbili za mapenzi na asiseme amemaliza, naona kwamba hapo kuna kina ambacho vikao vyetu vya ukoo havijakigusa. Tumeumbwa kupokea kwanza. Mwanamume anayedhani kazi yake ni kutoa, kuoa, kuzalisha na kuamuru, huyo bado hajaanza kusikia habari yake mwenyewe katika Biblia.

Hapa lazima niseme wazi, maana nimesikia kwa masikio yangu mwanamume akidai kwamba Hosea 2 na Ezekieli 16 zinamruhusu kumpiga bibi yake. Sura hizo ni kali, zina mwanamke anayevuliwa nguo na kuaibishwa, nami siwasomei wachumba bila kuzieleza. Zinalishtaki taifa zima, na Hosea anapowataja washtakiwa kwa vyeo vyao, katika sura ya tano, anawaita makuhani na nyumba ya mfalme. Hao ni wanaume. Hakuna mume anayekaa kwenye kiti cha Mungu katika picha ile. Yeye na bibi yake wamekaa kiti kimoja, cha aliyekosa na akasamehewa. Kitu pekee ambacho mume anaambiwa aige kutoka kwa Kristo kiko katika Waefeso 5:25: kujitoa nafsi yake. Anayetaka kuiga hukumu amejipa cheo ambacho hakuna aliyempa.

Yuko mwanamke mwingine wa Injili ambaye sisi tusiozaa tungepaswa kumwombea jina, maana hana. Masadukayo, kundi la Wayahudi lisiloamini ufufuo, walimleta kwa Yesu kama fumbo: ameolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, wote wamekufa bila kuacha mtoto, naye akafa. Katika ufufuo atakuwa mke wa nani? Waliomtaja hawakumwona. Kwao alikuwa shamba lililolimwa na watu saba likakataa kuota. Yesu akawajibu, katika Luka 20, kwamba wanaohesabiwa kustahili ulimwengu ule hawaoi wala hawaolewi, nao ni wana wa Mungu. Wengi husikia jibu hilo kama habari ya huzuni, kana kwamba mbinguni tutanyang'anywa wapenzi wetu. Mimi nilisikia kwamba mwanamke yule ametolewa mikononi mwa waliokuwa wakimgombania kwa ajili ya uzao, akapewa nafasi ya mtoto nyumbani mwa Mungu. Ndoa zetu ni ishara ya arusi ile moja. Ikifika yenyewe, ishara imemaliza kazi.

Ndiyo sababu Wakatoliki wa Congo hatushangai kumwita Mwenyeheri Anuarite mama. Alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, kule Isiro, kanali wa waasi wa Simba alimtaka awe bibi yake. Akakataa, akauawa, umri wake miaka 24. Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Hakuacha mtoto, na mabinti wangapi wa nchi hii wanaitwa Anuarite?

Kwa wazazi wanaokuja na madaftari, tunatumia lugha fupi zaidi. Tunawaeleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kuwa ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi tu, na kwamba inabaki na thamani yake na haivunjiki hata pale watoto wanaotamaniwa sana wanapokosekana. Tunawasomea kanuni ya 1084 ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1983: utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Baba mmoja aliomba tumwandikie namba hiyo kwenye karatasi ili akawaonyeshe ndugu zake. Tukamwandikia.

Hema yetu imepanuka, nami sisemi kwa kupamba. Wachumba tuliowasimamia wanakuja usiku wakigombana, wanalala sebuleni, asubuhi wanakunywa chai na kurudi kwao. Watoto wao wanajua sukari inakaa wapi. Mengine hayajatengemaa. Kaka mkubwa wa mume wangu bado anauliza, kila ukoo ukikutana, kiwanja hiki kitakuwa cha nani sisi tukifa, na tumempa jibu ambalo hataki kulisikia. Shangazi ni mzee sasa, haoni vizuri, na akija hukaa karibu nami na kutaka nimsomee. Bibi wa pili hakuletwa.

Jumamosi kundi jipya la wachumba linaanza. Tutafungua Isaya 54 kwanza, na mume wangu ameomba safari hii asome yeye: "Imba, wewe uliye tasa."